Santuri za Mwanzo za Shirati Jazz kama Ushahidi wa Historia

Mjomba wangu hapa Mukuju ana sanduku la santuri ndogo, zile za mizunguko 45 kwa dakika. Alizinunua Busia, upande wa Kenya, alipokuwa kijana. Nyingi zimekwaruzika na chache zimepinda kwa joto la bati. Mwaka jana alitaka kuzitupa. Nilipomwambia kwamba hizo ni historia alicheka sana. "Mpwa wangu, historia iko vitabuni. Hizi ni kelele za baa." Insha hii ni jibu langu kwake.

Bendi iliyojaza sanduku hilo ni Shirati Jazz. Kiongozi wake, Daniel Owino Misiani, alizaliwa mwaka 1940 karibu na Shirati, upande wa Tanzania wa Ziwa Victoria, na wazazi wake walikuwa watu wa dini ambao hawakupenda gita. Alihamia Kenya, na katikati ya miaka ya 1960 alianza kurekodi. Wapo wanaosema ndiye aliyeanzisha benga. Mimi sikubali, kwa sababu John Ogara na wenzake wa Ogara Boys walikuwa wakiipiga pia. Sifa ya Misiani ni kwamba aliifanya kazi hiyo kwa miaka arobaini hivi, hadi alipofariki katika ajali ya barabarani mwaka 2006.

Santuri za mwanzo hazina mapambo. Kuna magita, besi, ngoma na sauti mbili zinazoimba pamoja. Mpiga gita hadonoi nyuzi kivivu. Hutoa sauti mojamoja, haraka, kama vidole vya mpiga nyatiti. Waimbaji wakinyamaza, gita hushika usukani na mwendo huzidi. Halafu, katikati ya utamu, santuri inakwisha! Upande mmoja ulibeba dakika tatu hivi tu, kwa hiyo wimbo ulikatwa vipande viwili na msikilizaji alilazimika kugeuza. Katika baa wimbo uleule ungeendelea mpaka wachezaji wachoke. Mkato huo unatuonyesha kwamba muziki huu ulitengenezwa kwa ajili ya usiku mrefu, ukabanwa baadaye.

Jambo hili si la kwetu peke yetu. Mjini Chicago, Hound Dog Taylor alipiga blues katika baa kwa miaka mingi akiwa na mpiga gita mwenzake na mpiga ngoma, bila besi. Albamu yao ya kwanza ilitoka mwaka 1971, nayo inasikika kama baa yenyewe, na ndiyo sababu inapendwa hadi leo.

Lakini kwangu ushahidi mkubwa zaidi ni majina. Katika benga mwimbaji hutaja watu na vijiji vyao. Wajaluo wana desturi iitwayo pakruok: mtu hutoa pesa, muziki hutulia, naye hujisifu au humsifu rafiki yake mbele ya watu wote. Kwa hiyo jina katika wimbo linaweza kuwa jina la aliyelipa, au la mtu aliyependwa, au la marehemu. Wengi wao hawamo katika kitabu chochote nilichosoma shuleni. Mtu anayetupa santuri anawatupa na hao.

Mama yangu ni Mjopadhola, na lugha yetu iko karibu na Kijaluo, hivyo maneno mengi nayaelewa. Majirani zetu Iteso hawakuyaelewa, lakini mjomba anasema walicheza kuliko yeye.

Nilimsomea sehemu ya majina hayo jioni moja. Hakucheka. Aliniuliza kama santuri fulani yenye karatasi nyekundu bado imo, kwa kuwa ndani yake anatajwa mtu wa Busia aliyemfahamu. Tuliitafuta tukaipata. Sanduku sasa liko chini ya kitanda changu, na tunachokosa ni sindano ya gramafoni.