Mafuta ya Karai Manyatta: Afya ya Mlaji Kabla ya Lita za Dizeli

Mnamo Mei 2023 ndege ya Kenya Airways iliruka kutoka Nairobi hadi Amsterdam, sehemu ya mafuta yake ikiwa imetengenezwa na kampuni ya Eni nchini Italia kutokana na mafuta ya kupikia yaliyokwisha kutumika na shahamu ya wanyama. Ni rahisi kulichukua tukio hilo kuwa ushahidi kwamba mafuta ya karai ni mali inayomwagwa bure mitaroni. Kwa mtaa wa Manyatta, Kisumu, dhana hiyo haisimami. Hapa mafuta hutumika mpaka yaishe. Makala hii inatetea hoja kwamba biodizeli, yaani dizeli inayotengenezwa kutokana na mafuta kama hayo, itaufaa mtaa huu iwapo tu mradi wa kuitengeneza utaanzia kwenye afya ya mlaji na pato la mkaangaji, ndipo nishati ifuate.

Chukulia mgongo wazi, yaani kichwa na mifupa ya mbuta (sangara) inayobaki baada ya viwanda kutoa minofu ya kuuzwa ng'ambo. Mama samaki huikaanga katika karai la mafuta tele. Mafuta ya jana huongezewa mapya, na shahamu ya samaki nayo huchuruzikia humo. Rangi hugeuka kahawia, kisha nyeusi. Povu hukataa kutulia, na moshi hutoka kabla samaki hajaiva. Kufikia hapo joto, maji na hewa vimekwisha kuyavunjavunja mafuta, vikaacha asidi huru na viambata vya polari. Ujerumani huyahesabu mafuta kuwa hayafai tena viambata hivyo vikipita asilimia 24, Ufaransa, 25. Kibandani kipimo ni jicho na mfuko.

Asidi hiyohiyo ndiyo adui wa mtengenezaji wa biodizeli. Mafuta yaliyochujwa na kuondolewa maji huchanganywa na methanoli pamoja na kichocheo, kwa kawaida sodiamu haidroksaidi, kwenye joto la nyuzi 60 hivi. Kila kilo 100 za mafuta huhitaji takriban kilo 11 za methanoli, na hutoa karibu kilo 100 za biodizeli na kilo 10 za gliserini. Asidi ikizidi, kichocheo huishia kutengeneza sabuni na mavuno hupungua. Kwa hiyo mafuta yanayotolewa karaini mapema humlinda mlaji na huufaa mtambo pia. Maslahi ya pande hizi mbili yanakutana hapo, na sera ya kaunti ingefaa ianzie hapo.

Hali ya hewa ya Kisumu inasaidia. Mafuta yetu mengi ya kukaangia ni ya mawese, na biodizeli yake huanza kuganda kwenye nyuzi 15 hivi, baridi ambayo ni nadra kando ya ziwa. Lakini tusidanganyane kuhusu wateja: mashine za mitumbwi ya wavuvi kwa kawaida ni za petroli, haziwezi kuitumia. Soko lake ni malori, jenereta na mashine za kusaga za dizeli. Wala kazi hii isifanyiwe majumbani. Methanoli ni sumu inayofanana na pombe ya kunywa, na Kenya haijasahau Novemba 2000, pombe iliyotiwa methanoli ilipoua zaidi ya watu 100 Nairobi.

Pingamizi zito ni la bei. Mkaangaji hurudia mafuta kwa sababu mapya ni ghali. Ukimwondolea ya zamani bila kumpa kitu, umemwondolea mtaji. Kosa la namna hiyo tumewahi kuliona: mkakati wa kitaifa wa biodizeli wa 2008–2012 ulitegemea sana mbono kaburi (jatropha), na wakulima walioupanda walivuna kidogo, wakakosa wanunuzi. Mipango ilitazama tangi la gari kabla ya kumtazama mkulima. Kosa hilo lisirudiwe kwa mama samaki.

Njia ya haki ni kubadilishana: aletaye mafuta kabla hayajachakaa apunguziwe bei ya mafuta mapya, na gharama ibebwe na hoteli kubwa na wanunuzi wa biodizeli. Maafisa wa afya ya umma nao wapewe vipimo vya viambata vya polari, na kazi yao ya kwanza iwe kuelimisha, faini zije baadaye. Mradi ukipimwa kwa lita pekee, Manyatta itakuwa imetoa malighafi tu. Swali la kuuliza kila mwaka ni wakaangaji wangapi wamemudu kubadilisha mafuta bila kupandisha bei ya samaki.