Mafunzo ya mtaalamu wa eksirei (Marekani)

Mafunzo ya mtaalamu wa eksirei ni masomo ya kumwandaa mhudumu wa afya anayepiga picha za mionzi; kuzitafsiri ni kazi ya daktari wa radiolojia. Nchini Marekani kwa kawaida huchukua takriban miaka miwili, katika vyuo vya jamii, vyuo vikuu au hospitali. Mwanafunzi husoma anatomia, fizikia ya mionzi, namna ya kumlaza mgonjwa na kinga ya mionzi, kisha hufanya mazoezi hospitalini akisimamiwa. Huko huvaa kipimamionzi kwenye ukosi, nje ya aproni ya risasi, na huweka alama ya risasi ya kulia au kushoto kabla ya kupiga picha. Vyeti hutolewa na ARRT, sajili ya wataalamu hao ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1922. Tangu 2015, mtahiniwa anayeomba cheti cha msingi lazima awe na shahada, angalau ya miaka miwili. Alama ya kufaulu mtihani wa cheti hicho ni 75. Majimbo mengi hudai pia leseni, na mwenye cheti hukamilisha pointi 24 za elimu endelevu kila miaka miwili.