Herufi Iliyokatwa: Maandishi na Rangi katika Utangulizi wa Filamu za Taharuki

Ukiuliza kwa nini jina la filamu ya taharuki huandikwa kwa nyekundu juu ya nyeusi, jibu la haraka ni kwamba nyekundu ni damu na nyeusi ni mauti. Jibu hilo halitoshi. Hoja ya makala haya ni kwamba hofu huanzia kwenye umbo la herufi, nayo rangi haina maana ya kudumu. Maana yake hutengenezwa na filamu yenyewe.

Ushahidi ulio wazi zaidi ni Psycho (1960) ya Alfred Hitchcock, ambayo haina rangi kabisa. Saul Bass, aliyebuni utangulizi wake, alipitisha mistari ya kijivu ikikimbizana kwenye skrini, huku majina yakija vipande vipande, yakiungana kwa muda mfupi, kisha yakitawanyika tena. Fonti yenyewe, News Gothic, haitishi hata kidogo. Ilichorwa na Morris Fuller Benton mwaka 1908, na ni herufi nyofu, isiyo na mapambo, ya aina ambayo msomaji wa magazeti ameizoea na kuiamini. Hapo ndipo ilipo siri yake: kinachokatwa mbele yetu ni kitu tulichodhani ni imara. Herufi iliyochorwa ikichuruzika damu hututangazia nia yake mapema, nasi tunajihami.

Mtu anaweza kupinga kwamba tunachoogopa ni vinanda vya Bernard Herrmann, mtunzi wa muziki wa filamu hiyo, wala si maandishi. Lakini jina Psycho lilikuwa limeshapasuliwa kabla ya filamu kutengenezwa, kwenye jalada la riwaya ya Robert Bloch la mwaka 1959, kazi ya mbunifu Tony Palladino. Hitchcock aliuchukua mchoro huo kwa ajili ya matangazo ya filamu. Kwenye karatasi, bila sauti wala mwendo, mpasuko ule ulikuwa tayari unafanya kazi yake.

Vertigo (1958), nayo ya Hitchcock na Bass, inahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa humo nyekundu ipo kweli. Tunaonyeshwa uso wa mwanamke kwa karibu sana: midomo, macho, kisha jicho moja. Ghafla skrini nzima inakuwa nyekundu, na jina la filamu linatoka ndani ya jicho lile. Baadaye yanafuata maumbo ya mzunguko ya John Whitney, aliyeyachora kwa msaada wa mtambo wa kijeshi wa kulengea mizinga, kila moja na rangi yake. Damu haijamwagika popote. Kinachotushtua ni kule kubadilika kwa rangi bila onyo. Nyekundu hiyo inarudi kwenye kuta za mkahawa wa Ernie's, pale Scottie, mhusika mkuu, anapomwona Madeleine, mwanamke anayemfuatilia, kwa mara ya kwanza, naye amevaa kijani. Kwa hiyo nyekundu ya Vertigo ni ya shauku, na kijani ndiyo inayokuja kubeba mzimu wa yule mwanamke. Mwaka uliofuata, katika North by Northwest, Bass alianza na kijani tupu, na majina yakaegemea mistari ambayo hatimaye inageuka kuwa ukuta wa vioo wa jengo la New York. Kamusi ya rangi haiwezi kutufafanulia filamu hizi mbili kwa pamoja.

Se7en (1995) ya David Fincher inaisukuma hoja hii mbele. Katika utangulizi wake, Kyle Cooper alichanganya herufi za chapa na mwandiko uliokwaruzwa kwa mkono, unaotetema na kurukaruka. Hapa hatuoni tena herufi ya kuaminika ikivunjwa. Tunaona mkono wa mtu, na kabla hatujaujua uso wa muuaji tumeshakaa naye mezani akishona madaftari yake. Hata mwishoni Fincher hatupi nafuu: orodha ya majina inashuka kutoka juu kwenda chini, kinyume cha mazoea, na jicho la msomaji linalazimika kuifuata huko.