Kizibo ndani ya kopo la fedha

Chuoni niliikariri kanuni ya Gauss kama kasuku: jumla ya uga wa umeme unaopenya uso uliofungwa hutegemea chaji iliyomo ndani tu. Mtihani nikapita, kuelewa sikuelewa. Kilichonifungua macho baadaye ni kizibo.

Mwaka 1755 Benjamin Franklin alikining'iniza kwa uzi wa hariri ndani ya kopo la fedha lililotiwa umeme. Nje ya kopo kizibo kingevutwa; ndani hakikutikisika. Chaji yote ilikuwa imekaa upande wa nje! Chora uso wowote wa kuwazia mle ndani, hauzingiri kitu.

Franklin mwenyewe alishindwa kueleza. Joseph Priestley, mwaka 1767, ndiye aliyekisia kwamba nguvu ya umeme hupungua kwa mraba wa umbali, kama mvutano wa Newton, hivyo ndani ya ganda nguvu za pande zote hufutana. Henry Cavendish akalipima jambo hilo miaka ya 1772 na 1773, tufe ndani ya tufe, kisha (hapa ndipo naudhika) akayafungia madaftari yake. Sisi waandika programu tunawajua watu wa namna hiyo. Coulomb akatangaza kanuni mwaka 1785, ikabeba jina lake. Kazi ya Cavendish ilichapishwa na Maxwell mwaka 1879, mwenyewe akiwa kaburini miaka 69.