Sauti, Picha na Diski ya Pili: Funzo la Historia kwa Watunza Kumbukumbu

Mwaka jana vijana watatu kutoka kijiji kimoja cha mbali walinifuata ofisini wakiwa na bahasha ya kaki. Ndani yake mlikuwa na diski mbili za VCD, kila moja ikiwa na dakika 58 za filamu iliyopigwa mwaka 2006 na wanafunzi waliokuwa kwenye mafunzo kwa vitendo. Filamu hiyo inaonesha maisha ya kijiji, na karibu na mwisho wake inaonesha mkutano mkuu uliojadili ombi la kutoa sehemu ya ardhi kwa mwekezaji. Vijana waliniambia kwamba kila wanapolalamika hujibiwa neno moja: wazazi wenu walikubali, na ushahidi upo kwenye video.

Niliitazama. Katika dakika ya 50 ya diski ya pili, sauti ya mwenyekiti inasikika ikisema, “Wanaokubali wanyooshe mikono,” na papo hapo msitu wa mikono unainuka. Kwa mtazamaji asiye na haraka ya kuondoka, jambo moja lilisumbua: midomo ya mwenyekiti ilikuwa imefungwa. Sauti na picha hazikuwa za wakati mmoja. Kwa muda wa miaka mingi watu walikuwa wameona kasoro hiyo na kuichukulia kuwa ni ubovu wa deki.

Nimeona ni vema niandike juu ya kasoro hii, kwa sababu ina historia ndefu kuliko VCD, na kwa sababu historia hiyo imewahi kupita katika ardhi yetu.

Tatizo la kugawa filamu katika sahani kadhaa lilizaliwa pamoja na filamu yenye sauti. Agosti 1926 kampuni ya Warner Bros. ilionesha filamu ya Don Juan jijini New York kwa mtambo ulioitwa Vitaphone. Picha ilikuwa kwenye mkanda, muziki ulikuwa kwenye sahani za santuri zenye upana wa inchi 16, na kila sahani ilidumu dakika 11 hivi, sawa na urefu wa mkanda mmoja wa futi 1,000. Filamu nzima, kwa hiyo, ilikuwa ni mfululizo wa jozi: mkanda na sahani yake, mkanda na sahani yake. Mwendeshaji wa projekta aliweka fremu yenye alama ya kuanzia mbele ya lenzi, akaweka sindano kwenye mshale uliochorwa juu ya sahani, ndipo akawasha mota iliyozungusha vyote viwili kwa pamoja. Mwaka uliofuata The Jazz Singer ilipotoka, dunia ilishangilia, lakini mwendeshaji aliyekosea sahani au kushindwa kuilenga alama aliwapa watazamaji mwanamke anayeongea kwa sauti ya mwanamume.

Kulikuwa na hatari kubwa zaidi. Mkanda ulipokatika, fundi wa zamani alizoea kukata vipande vilivyoharibika na kuunga ncha mbili. Kwa filamu ya sahani, kila fremu iliyotupwa iliifanya picha itangulie sauti mpaka mwisho wa mkanda huo. Fundi mwaminifu alilazimika kuweka fremu nyeusi zenye idadi ileile ya zile zilizopotea. Giza hilo la nusu sekunde liliwaudhi watazamaji, lakini lilikuwa kiri la wazi kwamba hapa pamekosekana kitu. Miaka michache baadaye, sauti ilipoanza kuchapwa pembeni mwa mkanda wenyewe, sahani zikaachwa Hollywood.

Hazikuachwa kila mahali. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, uliendeshwa mradi wa kikoloni uliojulikana kwa kifupi kama BEKE, yaani majaribio ya sinema ya elimu kwa Waafrika. Ulitengeneza filamu 35, ukazizungusha Tanganyika na makoloni ya jirani kwa gari lenye projekta. Picha zilikuwa za milimita 16, na maelezo yalirekodiwa kwenye sahani. Sababu ilikuwa ya kimatumizi: picha zilezile zingeweza kusindikizwa na sahani ya Kiswahili mahali pamoja na sahani ya lugha nyingine mahali pengine. Ni ubunifu ambao fundi yeyote atausifu. Hata hivyo, tuutazame pia kisiasa. Mkulima wa Tanganyika alionekana kwenye kitambaa cheupe akilima, akinunua, akiweka fedha posta. Maneno yalitoka kwenye sahani iliyoandaliwa na watu wengine. Mwili ulikuwa wake, maana ikawa ya mwenye sindano.

Sisemi kwamba kila sauti iliyotenganishwa na picha ni uongo. Watafsiri wetu wa filamu, kama marehemu Lufufu aliyesikika katika vibanda vingi vya video, walijenga sanaa kamili juu ya utengano huo. Mtazamaji alijua kwamba yule shujaa wa Hong Kong haongei Kiswahili cha Dar es Salaam, na hapakuwa na aliyedanganywa. Udanganyifu huanza pale utengano unapofichwa, au unapokuwapo bila yeyote kuugundua.

VCD ilirudisha hali ya mwaka 1926 kwa mlango wa nyuma. Viwango vyake viliwekwa mwaka 1993, na diski moja ilichukua dakika 74 za picha na sauti. Filamu nyingi ni ndefu kuliko hapo, ndiyo maana tuliozoea vibanda na maduka ya Kariakoo tunakumbuka kupakiwa diski mbili katika mfuko mmoja. Kila aliyegawa filamu alipaswa kuikata mahali fulani, na mahali pa kukata pana mtego. Katika VCD si kila picha imehifadhiwa nzima; nyingi hubeba tofauti tu kati yake na picha za jirani, na picha nzima hujitokeza kila baada ya nusu sekunde hivi. Diski ya pili sharti ianze na picha nzima. Sauti nayo imefungwa katika vifurushi vyake vya milisekunde 26 hivi, ilhali kila picha ya mfumo wetu hudumu milisekunde 40. Programu isiyo makini husogeza picha hadi kwenye picha nzima inayofuata na kuiacha sauti ilipo. Diski ya kwanza huwa salama, ya pili huanza ikiwa imepotoka.

Hapo ndipo tunapopaswa kutofautisha maradhi mawili. La kwanza ni ucheleweshaji usiobadilika: sauti imepishana na picha kwa kiasi kilekile mwanzo hadi mwisho. Tiba yake ni kuisogeza sauti yote mbele au nyuma. La pili ni mwachano unaokua: mwanzo vipo sawa, kisha vinaachana kidogo kidogo kwa sababu sauti na picha zina kasi tofauti. Tiba yake ni kubana au kurefusha sauti nzima kwa uwiano mmoja. Anayetibu la pili kwa dawa ya la kwanza hupona mwanzo na kuumia mwisho.

Nilihitaji matukio yasiyobishaniwa, yaani yanayoonekana na kusikika kwa kishindo kimoja. Mwanzoni mwa diski ya kwanza mwanafunzi anagonga rimu ya gari iliyotundikwa mtini kama kengele ya shule. Sauti na picha viliafikiana. Mwishoni mwa diski hiyo mlango wa bati unafungwa na upepo. Sauti ilichelewa kwa sekunde 3 na nusu. Mwishoni mwa diski ya pili rimu inagongwa tena, na safari hii kishindo hakikusikika kabisa, kwani picha ilikwisha kabla sauti haijafika hapo. Nilipotafuta mifano mingine katikati, mwachano ulikuwa ukikua kwa mwendo uleule: sekunde moja kwa kila dakika 17 hivi. Mmoja wa wapiga picha wa wakati ule, ambaye nilifanikiwa kuzungumza naye, alinieleza chanzo. Maikrofoni ya kamera ilikuwa mbovu, hivyo sauti ilirekodiwa kwa redio kaseti na kunakiliwa baadaye kwenye kompyuta. Mkanda wa kaseti ulichezwa polepole kidogo kuliko ulivyorekodiwa, kwa tofauti ya sehemu moja katika elfu. Sikio haliwezi kuigundua tofauti hiyo. Baada ya saa moja na dakika 48, yaani pale penye kura, imeshakuwa sekunde 6 na nusu.

Msaidizi wangu alijaribu njia ya mkato. Alichukua diski ya pili peke yake, akaisogeza sauti mbele kwa sekunde 3 na nusu, na mwanzo wa diski ukakaa sawasawa. Tulipofika kwenye kura tukakuta jambo la kutisha. Kulikuwa kumebaki kosa la sekunde 3, na sasa mwenyekiti alisikika akiuliza wanaokubali, pakapita kimya kifupi, kisha mikono ikainuka kwa utulivu kama jibu la swali hilo. Kosa lililotibiwa nusu lilishawishi zaidi kuliko kosa la awali.

Tukarudi mwanzo. Tulitoa sauti na picha katika diski zote mbili, tukaunga sauti ya diski ya kwanza na ya pili kuwa mfululizo mmoja, vivyo hivyo picha. Tukaibana sauti nzima kwa uwiano wa 1,000 kwa 1,001, tukalinganisha upya matukio yote tuliyoyaorodhesha, kisha ndipo tukaigawa filamu tena, tukikata mbele ya picha nzima, mahali penye ukimya. Utaratibu ni huo: unganisha, sahihisha, gawa. Anayegawa kabla ya kusahihisha hujipa kazi mara mbili na makosa mawili.

Baada ya hapo midomo ya mwenyekiti ikaanza kusema maneno yake. Anasema, “Wanaokubali wanyooshe mikono.” Mikono inayoonekana ni michache, ya watu wa safu ya mbele. Baada ya sekunde 6 hivi anauliza, “Wanaokataa?” Msitu wa mikono unainuka hapo.

Mimi ni mwanahistoria, na sharti niseme mipaka ya nilichokiona. Kamera haikuonesha watu wote waliohudhuria. Haioneshi kilichoandikwa kwenye muhtasari wa mkutano, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 haiamui mgogoro kwa kuhesabu mikono kwenye video. Zaidi ya hayo, nami nimegusa kumbukumbu. Kwa hiyo niliwakabidhi vijana vitu vitatu: nakala ya diski zilivyokuja, bila kuguswa, nakala iliyosahihishwa, na karatasi mbili zinazoeleza hatua zote, matukio yaliyopimwa na vipimo vyake, ili mtu asiyeniamini arudie kazi na kunikosoa. Karatasi hizo ndizo fremu zangu nyeusi.

Shauri lao liko kwenye baraza la ardhi na bado halijaamuliwa. Sijui litaishaje, na si kazi yangu kulitabiri. Ninachojua ni kwamba miongoni mwa walionyoosha mikono siku ile, baadhi wamekwisha kufariki, na kwa miaka mingi watoto wao waliambiwa kwamba wazee wao waliuza ardhi mchana kweupe. Kijana mmoja aliiomba sehemu ile irudiwe. Akamwona babu yake, akiwa na kofia ya kijani, mkono wake ukipanda baada ya swali la pili. Hakusema neno. Aliomba tu tusimamishe picha hapo.

Kwa ndugu zangu watumishi wa umma: katika kabati za halmashauri na wizara kuna VCD na kaseti nyingi za mikutano ya vijiji. Diski hizi zinaharibika, na deki za kuzichezea zinaadimika. Zinakilini sasa, zote mbili mbili, maana nimeona ofisi iliyotunza diski ya kwanza na kutupa ya pili. Na kabla hamjamwambia mwananchi kwamba ushahidi upo kwenye video, mtazameni anayeongea mdomoni.