Yai Kupevuka Si Mtoto Kuzaliwa: Mipaka ya Ubashiri katika Tiba ya Homoni

Mwanamke anayeandikiwa vidonge vya kuchochea ovari huja na swali moja: je, nitazaa? Mara nyingi hujibiwa swali jingine: je, yai litapevuka? Makala haya yanadai kuwa ubashiri wetu wa tiba ya ugumba umejengwa zaidi juu ya swali la pili, ilhali anayelipia dawa analihitaji jibu la lile la kwanza.

Umbali kati ya maswali hayo hupimika. Mwaka 2014, Richard Legro na wenzake walichapisha jaribio lililofanyika Marekani kwa wanawake 750 wenye sindromu ya ovari zenye vifuko vingi. Kwa waliopewa letrozoli, mojawapo ya vidonge hivyo, yai lilipevuka katika asilimia 61.7 ya mizunguko ya tiba. Kwa klomifeni, kidonge kingine, asilimia 48.3. Lakini waliojifungua mtoto hai walikuwa asilimia 27.5 na 19.1. Letrozoli ilishinda bila ubishi. Hata hivyo, baada ya mizunguko isiyozidi mitano, zaidi ya theluthi mbili ya waliopewa dawa iliyoshinda hawakupata mtoto.

Kwa nini? Jibu zuri zaidi ninalolijua lilitoka Rotterdam mwishoni mwa miaka ya 1990, katika kazi ya Babak Imani, Bart Fauser na wenzao. Waligundua kwamba wasiopevusha yai kwa klomifeni waliweza kutabiriwa kwa kiwango cha androjeni (homoni za kiume), uzito wa mwili, kukosa hedhi kabisa na ukubwa wa ovari. Walipowatazama waliopevusha tu, wakiuliza nani atashika mimba, vigezo vilivyobaki na maana vilikuwa umri na historia ya hedhi. Vigezo vya hatua ya kwanza havikutosha kuieleza ya pili.

Kosa hilohilo, la kukadiria yai na kuahidi mtoto, hufanywa kwa kipimo cha AMH, homoni ya ovari, ambacho siku hizi huuzwa kama utabiri wa uzazi. Kinakadiria vizuri idadi ya mayai yatakayovunwa baada ya sindano za kuchochea ovari. Kuhusu mtoto kinasema machache sana.

Kwetu Afrika pana jambo zito zaidi. Uchunguzi wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1979 hadi 1984, katika nchi 25, ulionyesha kuwa mirija ya uzazi iliyoziba, hasa kutokana na maambukizi, ilikuwa tatizo kubwa zaidi Afrika kuliko kwingineko. Kanuni za ubashiri za akina Imani zilitungwa kwa wanawake ambao kasoro yao ni kutopevuka kwa yai. Ukimpima kwa kanuni hizo mwanamke mwenye mirija iliyoziba, utampa matumaini ya asilimia fulani ilhali yai halina pa kupita. (Na mume, ambaye hajapimwa mbegu, yuko nyumbani.)

Basi picha ya mirija na kipimo cha mbegu vitangulie homoni, na kliniki zinazotangaza mafanikio zihesabu watoto waliozaliwa hai, si mayai.