Bustani ya Mfalme Jua

Wahenga walisema, "Usione vyaelea, vimeundwa." Methali hiyo yahusu vyombo vya baharini, lakini yafaa pia kwa mambo ya nchi kavu. Nakuomba, msomaji, uichukue iwe fimbo yako ya safari, maana tutaizuru bustani ambayo maji yake huruka juu kana kwamba hayakuinuliwa na mtu.

Bustani hiyo ipo Versailles, mji ulio karibu na Paris, nchini Ufaransa. Ukisimama nyuma ya kasri ukaelekea magharibi, utaona njia zilizonyooka, miti iliyokatwa ikawa kama kuta, sanamu nyingi za mawe, na kwa mbali mfereji mpana wenye urefu wa zaidi ya kilomita moja na nusu. Hakuna kilichoachwa kiote kipendavyo. Huo ndio mtindo wa Baroko uliopendwa na wafalme wa Ulaya katika karne ya 17. Nao ulikuwa na maana yake: mfalme awezaye kuutiisha msitu, aweza kuwatiisha na watu.

Mfalme mwenyewe alikuwa Louis wa Kumi na Nne, aliyerithi ufalme mwaka 1643 kabla hajatimiza miaka mitano. Alijifananisha na jua. Ndiyo sababu utamwona katika bwawa moja Apollo, mungu wa jua wa Wayunani, akichomoza majini na gari lake la farasi. Mwaka 1661 waziri wake wa fedha, Nicolas Fouquet, alimwalika karamuni katika kasri lake jipya. Mfalme aliona huko bustani iliyoishinda yake. Haukupita mwezi, Fouquet akakamatwa, naye alikufa kifungoni mwaka 1680. Fundi wa bustani ile, André Le Nôtre, akatiwa kazini Versailles, mahali ambapo babake mfalme alikuwa na nyumba ya kuwindia tu.

Le Nôtre aliweza kuipanga ardhi, lakini maji yalikuwa haba. Chemchemi za kurusha maji zilikuwa nyingi kuliko uwezo wa mabwawa, kwa hiyo hazikuweza kufunguliwa zote pamoja. Mfalme alipotembea, watumishi walipeana ishara kwa filimbi: za mbele zikafunguliwa, za nyuma zikafungwa. Yeye aliona maji kila alipogeuka. Nyuma yake palikuwa pakavu.

Hata hivyo, hakuridhika. Mwaka 1684 ilimalizika mitambo mikubwa kandokando ya mto Seine, yenye magurudumu 14 na pampu zaidi ya 200, ili kuyapandisha maji mlimani. Hayo pia hayakutosha. Mwaka 1685 ikaanzwa kazi ya kuyaleta maji ya mto Eure kutoka mbali, na askari zaidi ya 20,000 wakatumwa kuchimba na kujenga. Homa iliwaua wengi. Mwaka 1688 vita vilizuka, kazi ikaachwa. Matao ya mawe yaliyojengwa Maintenon yangali yamesimama, wala hapana tone la maji ya Versailles lililopata kupita juu yake. Ukipata nafasi ya kuizuru bustani, jitahidi ufike na huko, kwani matao hayo ni sehemu ya bustani ile ingawa hayamo ndani ya ukuta wake.

Fahari hiyo ilikuwa na mwisho. Tarehe 5 Oktoba 1789 maelfu ya wanawake walitembea kwa miguu kutoka Paris hadi Versailles kudai mkate. Kesho yake Louis wa Kumi na Sita alichukuliwa pamoja na jamaa zake kwenda Paris; hakurudi kuishi pale, na mwaka 1793 aliuawa. Mwaka 1837 kasri likafunguliwa kuwa jumba la makumbusho.

Sasa geuka, ulitazame kasri. Madirisha 17 ya ghorofani ni ya Ukumbi wa Vioo, na yanaitazama bustani. Humo, tarehe 28 Juni 1919, ulitiwa sahihi mkataba uliomaliza vita na Ujerumani. Kwa mkataba huo Wajerumani waliziacha nchi walizozitawala Afrika ya Mashariki, na Tanganyika ikawekwa chini ya Uingereza. Wapagazi wa nchi zetu, waliokufa kwa maelfu katika vita hivyo, hawakuwa na mwakilishi ukumbini. Jina la Kikosi chao limebaki katika Kariakor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam.

Siku hizi mtu yeyote aweza kuingia. Watu hukodi mashua wakapiga makasia katika mfereji wa mfalme. Michungwa hutolewa nje wakati wa joto na kurudishwa ndani kabla ya baridi. Na katika siku maalumu chemchemi hufunguliwa kwa muziki. Furahia, msomaji, kwa kuwa uzuri huo ni wa kweli. Lakini maji yarukapo juu, wakumbuke wenye filimbi, wenye majembe, na wale waliolala Maintenon. Majina ya wafalme utayakuta yameandikwa. Hao wengine yakupasa uwatafute mwenyewe.